Sura ya Tisa: Sinia Lililojaa

Fikirte Ayalneh alirudishwa ofisini kwake akiwa na pingu mikononi.

Inspekta Mesele Wondirad alimfungulia mlango wa gari, akamshika kiwiko asije akateleza kwenye mtaro uliokuwa wazi mbele ya jengo. Msichana hakuwa amelala. Netela yake, shali nyeupe ya sikukuu, ilikuwa imeshika vumbi la mahabusu, na nywele alizosukwa kwa ajili ya Timket, sikukuu ya Ubatizo, zilikuwa zimeanza kufumuka upande mmoja.

"Inspekta, naomba univue hizi," alisema huku akitazama chini. "Etye Tirunesh yuko juu. Akiziona atalia, halafu simu atapokea nani?"

Katika miaka yake ya kupeleleza makosa ya kompyuta, Mesele alikuwa ameombwa na washukiwa mambo mengi: wakili, sigara, dakika moja ya kuongea na mke. Machozi ya mtu mwingine hayakuwahi kuwamo. Alitafuta ufunguo, akafungua pingu na kuzitia mfukoni.

"Ukikimbia nitaonekana mjinga."

"Nikimbilie wapi, na barabara zote zimefungwa?"

Kweli zilikuwa zimefungwa. Timket ilikuwa jana, lakini tabot, kibao kitakatifu cha kanisa la Mtakatifu Mikael, hulala uwanjani Jan Meda usiku mmoja zaidi kuliko nyingine, na asubuhi hii ndiyo iliyokuwa irudishwe kanisani kwake, juu ya kichwa cha padri, na nusu ya Addis Ababa ikiifuata nyuma kwa nyimbo.

Hilo ndilo lililomharakisha Mesele. Jana, katika msongamano kama huo, mfumo wa kompyuta wa kampuni ya ambulensi ya Abro uliganda mchana kweupe. Watu walipiga simu, wapokeaji wakaandika maombi, magari yakabaki yameegeshwa. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Kotebe alijifungulia kwenye kiti cha nyuma cha teksi, na mtoto sasa alikuwa hospitalini ndani ya mashine ya joto, akisaidiwa kupumua. Mwenye kampuni, Ato Shibiru, aliandikisha polisi kwamba Fikirte, mwandishi wake wa programu, aliuua mfumo kwa makusudi. Mesele alipewa hadi adhuhuri aseme kama ni makusudi au la. Makusudi yalikuwa mahakama, na mahakama kwa kosa la namna hiyo ilikuwa miaka gerezani. Wakati huohuo mfumo ule ule, umezimwa na kuwashwa tu, ulikuwa ukimsubiri Mikael atoke.

Ato Shibiru alikuwa amesimama katikati ya chumba cha simu, mtu mnene mwenye koti la suti juu ya shati la sikukuu lililotariziwa msalaba kifuani.

"Umemleta bila pingu?"

"Nimemleta aeleze."

"Aeleze nini zaidi? Wiki iliyopita alikuja kwangu kuomba ruhusa ya Timket. Nikamkatalia. Akasema nini? Muulize!"

"Nakuuliza wewe."

"Akasema, 'Ikifa siku ya sikukuu, msinitafute.' Mbele ya watu. Jana asubuhi, badala ya kuja kazini, akaingia kwenye mfumo akiwa nyumbani, akabadilisha kitu. Mchana mfumo ukafa. Mimi si polisi, Inspekta, lakini mkono ukikutwa chunguni na nyama haimo, mnatafuta nini tena?"

"Ulipofika ukakuta mfumo umeganda, mashine yenyewe ilikuwaje?"

"Inawaka! Taa zote kijani. Ndio uovu wenyewe huo, inaonekana nzima kumbe maiti."

"Feni zilikuwa zinapiga kelele?"

Ato Shibiru alikunja uso. "Hapana. Kimya. Niliweka mkono juu yake, ilikuwa baridi kama sakafu ya kanisa."

Mesele aliyashika maneno hayo. Mashine iliyozidiwa na kazi huhema. Iliyotiwa programu ya uharibifu, mara nyingi huhangaika ovyo. Hii ilikuwa imetulia, taa zinawaka, haifanyi kitu. Mashine ya hivyo inasubiri. Kilichobaki ni kujua nani alikuwa akimsubiri nani.

"Ato Shibiru, punguza sauti, wagonjwa wanakusikia kwenye simu," alisema mwanamke aliyekaa meza ya kwanza, visikizio vimemning'inia shingoni. Huyo ndiye Etye Tirunesh, yaani dada Tirunesh kwa vijana wa ofisi, mkuu wa wapokeaji simu, na kwa amri yake mwenyewe ndiye pia mkuu wa kahawa. Kwenye kona nyuma yake jebena, birika la udongo la kahawa, lilikuwa juu ya jiko dogo la umeme, na vikombe vimepangwa kwenye sinia. Aliinuka akamkumbatia Fikirte, akamtazama usoni. "Umekula?"

"Nimekula, Etye."

"Mwongo."

"Weyzero Tirunesh," Mesele alisema, "jana skrini yako ilionyesha nini?"

"Duara. Naandika ombi, nabonyeza tuma, duara linazunguka. Likaanza kwangu, halafu meza ya pili, halafu ya tatu. Tukakaa wote tunatazama maduara kama watoto wanaotazama pia ikizunguka."

"Ulikuwa hujawahi kuliona?"

"Nimeliona Krismasi, siku ya Gena. Lakini siku hiyo liliwahi kuja, simu zilikuwa bado chache. Tukazima, tukawasha, tukaendelea."

Mesele alimgeukia Ato Shibiru. "Habari za Gena hukuniambia."

"Ilikuwa kitu kidogo."

"Na siku ya Gena huyu msichana aligusa nini?"

Etye Tirunesh ndiye aliyejibu. "Aguse wapi? Alikuwa kijijini kwao Gojjam, kwa bibi yake. Hata simu haishiki kule."

"Basi alikuwa ameshatega mapema," Ato Shibiru alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mesele alivuta viti viwili, akamketisha Fikirte mbele yake. "Jana asubuhi ulibadilisha nini?"

"Niliongeza sinia."

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

Fikirte alikunja ncha ya netela kidoleni. Alipoanza kueleza kazi yake, aibu ilimpungua. "Ndani ya programu kuna chaneli kati ya meza za simu na kibarua anayegawa magari. Kibarua si mtu, ni kipande cha programu, lakini anafanya kazi kama mtu. Chaneli ina nafasi za kuwekea. Mimi huiita sinia. Meza ya simu inaweka ombi kwenye sinia na kuendelea na simu nyingine, haimsubiri kibarua. Kibarua anachukua moja, anauliza gari lililo karibu. Dereva akibonyeza kukubali, kibarua anachukua lingine."

"Na sinia likijaa?"

"Anayeweka anasimama na ombi mkononi mpaka nafasi ipatikane. Lile duara ndio kusimama kwenyewe. Niliporudi kutoka Gojjam nikamwambia Ato Shibiru, sinia ni dogo, siku ya Timket litatuua. Akasema natafuta kisingizio cha likizo. Nikakasirika, nikasema yale maneno. Lakini jana niliamka roho inanisuta. Kabla ya kwenda kanisani nikaingia, nikaliongeza mara kumi."

"Mara kumi, na bado likajaa."

"Ndiyo."

"Simu zilikuwa nyingi kiasi hicho?"

"Hapana. Nimepiga hesabu hiyo usiku kucha mahabusu. Kama kibarua angekuwa anachukua, lisingejaa."

"Basi aliacha kuchukua. Alikufa."

"Hakufa! Akifa, programu inapiga kelele, inaandika kosa kwa herufi nyekundu. Alikuwa hai, Inspekta. Mzima."

"Mzima, baridi, na hachukui," Mesele alisema. Aliinuka. "Usiguse kitu. Narudi."

Chini uani dereva mmoja, Gashaw, alikuwa akifuta kioo cha ambulensi yake tayari kwa kutoka. Jana, Mesele aliambiwa, yeye na wenzake watatu walipangwa upande wa Jan Meda.

"Jana kabla ya mchana ulikubali maombi mangapi?"

"Hata moja."

"Simu ya kazi ilikuwa mbovu?"

"Nzima kabisa. Ilikuwa ndani ya gari."

"Na wewe?"

"Nje ya gari." Gashaw alikung'uta kitambaa. "Kwani Inspekta wewe mtoto wa wapi? Tabot zinapita, moja, ya pili, ya tatu, ulitaka nikae kwenye kiti nachezea simu? Nilishuka, nikavua viatu, nikainamisha kichwa kama binadamu. Na gari lingepita wapi, juu ya mapadri?"

"Na wale watatu?"

"Wote. Hata Kedir, ambaye ni Mwislamu, alishuka akatulindia viatu. Alisema wezi hawana sikukuu."

Mesele alicheka, akakaribia kuondoka, akageuka. "Msipobonyeza, ombi linakwenda wapi?"

"Nitajuaje? Linaondoka, halafu linanirudia mimi yuleyule. Nilipopanda garini nilikuta limeniita na kuniita, kama mama mkwe. Ghafla likanyamaza. Nikasema, afadhali, wamempata mwingine."

"Lilinyamaza."

"Kabisa. Barabara zikafunguliwa, sisi tuko tayari, injini zinawaka, hakuna tena aliyetuita mpaka jioni."

Mesele alipanda ngazi haraka.

"Fikirte, ombi ambalo dereva hakulijibu, kibarua analipeleka wapi?"

"Analirudisha kwenye sinia," alijibu, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Ili lisipotee."

"Sinia lilelile?"

"Liko moja tu."

Mesele alikwenda kwenye kona. "Weyzero Tirunesh, naomba sinia lako na vikombe vyote."

"Kahawa yenyewe ndiyo kwanza mzunguko wa kwanza!"

"Nitakunywa mizunguko yote mitatu nikimaliza. Mimina."

Aliweka sinia juu ya meza tupu. Lilikuwa dogo, vikombe sita vikikaa juu yake cha saba hakina mahali. Akawaweka Etye Tirunesh na Fikirte upande mmoja, kila mmoja na vikombe vyake. Ato Shibiru akamweka upande wa pili, na yeye mwenyewe akasimama hatua chache mbali.

"Nyinyi wawili ni meza za simu. Mnaweka vikombe kwenye sinia na si mahali pengine popote. Ato Shibiru, wewe ndiye kibarua. Unachukua kikombe kimoja, unaniletea. Mimi ni dereva. Nikikipokea, umemalizana nacho. Nisipokipokea, unakirudisha kwenye sinia, halafu ndipo unachukua kingine."

"Inspekta, huu ni mchezo wa watoto."

"Saa zinakwenda. Anza."

Wakaanza. Wanawake waliweka, Ato Shibiru akachukua, Mesele akapokea na kuweka vikombe dirishani. Sinia halikuzidi vikombe viwili.

"Hizo ndizo siku za kawaida," Mesele alisema. "Sasa tabot inapita."

Aliinamisha kichwa, akaficha mikono nyuma.

Ato Shibiru alimletea kikombe, akasimama nacho. Hakikupokewa. Akakirudisha, akachukua kingine. Hicho nacho hakikupokewa, akakirudisha. Wanawake waliendelea kuweka. Sinia likajaa. Etye Tirunesh akabaki ameshika kikombe hewani, na Fikirte vilevile.

"Duara," Etye Tirunesh alisema.

Ato Shibiru alinyakua kikombe kutoka kwenye sinia. Kabla hajageuka, Etye Tirunesh alishaweka chake kwenye ile nafasi. "Samahani bosi. Nilikuwa nasubiri hapo siku nyingi."

Mesele bado alikuwa ameinama. Ato Shibiru akarudi na kikombe chake, akanyoosha mkono juu ya sinia, na mkono ukaganda hapo.

"Weka," Mesele alisema bila kuinua kichwa.

"Hakuna nafasi."

"Subiri ipatikane."

Alisubiri.

"Nani huondoa vikombe kwenye sinia hilo, Ato Shibiru?"

"Mimi."

"Mbona huondoi?"

"Nina kikombe mkononi."

Mesele aliinua kichwa, akaonyesha viganja vitupu. "Tabot imeshapita. Barabara ziko wazi, injini inawaka. Niletee basi ombi."

"Nikuletee hiki?"

"Kibarua hawezi. Ameshaamua kukirudisha, na mpaka akirudishe hakuna jambo jingine analolijua."

Watu watatu walibaki wamesimama kulizunguka sinia, kila mmoja na kikombe chake, hakuna aliyekosea wala aliyeweza kusogea.

"Anajisubiri mwenyewe," Fikirte alisema polepole. "Mungu wangu. Ndio maana mashine ilikuwa baridi. Na mimi nililiongeza sinia..."

"Ukachelewesha. Siku ya Gena lilikuwa dogo, likajaa mapema. Jana lilikuwa kubwa, likajaa mchana. Ungeliongeza mara mia, lingejaa alasiri. Ulichobadilisha jana asubuhi hakikuua mfumo, kiliupa saa chache za kuishi."

"Lakini," Etye Tirunesh aliuliza, "ni nani aliyemfundisha kibarua kurudisha kwenye sinia lilelile?"

Fikirte alitazama sakafu. "Programu ni ya zamani, Etye. Imepita mikononi mwa watu wengi. Sikumbuki."

Mesele alikuwa amemhoji msichana huyu tangu jana jioni, na huo ndio uongo wa kwanza aliousikia kutoka kwake baada ya ule wa chakula. Aliacha upite. Hakumtazama Fikirte. Alimtazama mwenye kampuni.

"Ni mimi," Ato Shibiru alisema.

Alikuwa bado amekishika kikombe chake.

"Programu ya kwanza niliiandika mwenyewe, sebuleni kwangu, kabla sijaajiri mtu. Mama yangu alifia Dessie. Alipiga simu, wakamwambia magari hayapo, wakakata. Hakupiga tena, aliona haya kuwasumbua." Kahawa ilikuwa imemchuruzika vidoleni, naye hakuipangusa. "Nikaapa kwangu mimi hakuna ombi litakalotupwa. Lisipojibiwa, lirudi likae na wenzake. Nilidhani maadamu nafasi zipo, hakuna atakayezuiwa. Inspekta, mimi nimempeleka mtoto wa watu kulala chini kwenye saruji."

Mesele alikichukua kikombe mkononi mwake taratibu, akakiweka dirishani. "Hakuna aliyekusudia. Hilo ndilo jibu langu la adhuhuri."

Simu zikaanza kulia, ya kwanza, ya pili, kisha zote kwa pamoja. Etye Tirunesh alikuwa ameshavaa visikizio. "Mikael ametoka!" alipaza sauti. "Mzee ameanguka karibu na Jan Meda, na mwingine... Fikirte, mwanangu, maombi yanapanda."

Kwenye skrini ya ukutani hesabu ya sinia ilikuwa ikiongezeka. Magari manne ya upande ule yaliwaka rangi ya manjano, yameitwa, hayajibu. Fikirte alinyoosha mkono kwenye kibodi, akaurudisha haraka kama aliyeungua.

"Mimi ni mshukiwa," alisema. "Nikigusa, nitakuwa naharibu ushahidi."

"Ushahidi nimeushika kwa mikono yangu, una sukari," Mesele alisema. "Gusa."

Fikirte alimtazama Ato Shibiru.

"Gusa, mwanangu. Nakuomba."

Vidole vyake vilikwenda haraka. Aliongea huku akiandika, kwa sauti ya kujisemea. "Lisilojibiwa lisirudi kwenye sinia. Liende moja kwa moja kwenye skrini ya Etye, atafute gari la mtaa mwingine kwa redio. Kibarua asibaki na kitu mkononi." Akasita. "Nikizima sasa ili niwashe hii mpya, yaliyomo kwenye sinia yatapotea."

"Nisomee!" Etye Tirunesh alisema. "Kichwa changu hakijaganda."

Ato Shibiru ndiye aliyesoma. Alisoma majina na mitaa kwa sauti kubwa, mtu na maradhi yake, na Etye Tirunesh akayapeleka redioni moja baada ya jingine mpaka sinia likawa halina kitu ambacho binadamu hajakisikia. Fikirte akazima. Chumba kikabaki na milio ya simu tu. Akawasha.

Hesabu ikapanda, ikashuka, ikapanda. Magari ya Jan Meda yalibaki manjano, madereva wake wameinama mahali fulani bila viatu, lakini maombi waliyoyaacha yaliangukia kwenye skrini ya Etye Tirunesh, naye akawaamsha madereva wa mitaa ya Kazanchis na Megenagna kwa ukali wa shangazi. "Ndiyo, wewe! Unakula nini? Meza upesi, kuna mzee anakusubiri!" Mesele alisimama nyuma yao akitazama meza za simu moja moja. Hakuna duara lililozunguka.

Ato Shibiru alitoa simu yake, akajisogeza kando, lakini sauti yake haikujua kunong'ona.

"Kituo cha polisi? Ni mlalamikaji wa jana, wa ambulensi. Nafuta. Nasema nafuta malalamiko... Ndiyo, najua nilisaini... Nije mwenyewe? Nakuja sasa hivi." Alikata, akamgeukia Mesele. "Inspekta, nitapanda gari lako. Nikitoka huko niende hospitali, kwa yule mama wa Kotebe. Anayestahili kuulizwa yuko hapa, wasimuulize mtu mwingine."

"Huendi," Fikirte alisema.

Wote walimgeukia. Hata yeye alionekana kushtushwa na sauti yake. Macho yake yalirudi haraka kwenye skrini, lakini hakuyameza maneno.

"Mikael hajafika kanisani kwake bado, Ato Shibiru. Kibarua uliandika wewe, na bado kuna mahali anapopita ambapo sijapaelewa. Tukiondoka wote wawili, nani atamwangalia? Akishaingia Mikael, tutakwenda pamoja. Kituoni na hospitali."

Ato Shibiru alimtazama Mesele. Mesele alikuwa akitafuta kikombe ambacho bado kina joto.

Yule mtu mnene alivua koti, akavuta kiti hadi kando ya msichana, akakaa.

"Nionyeshe ulichoandika," alisema.

Akamwonyesha.